Hii bia 'laiti' ina wepesi gani?

Mgeni aingiapo katika baa yoyote ya Mbita huulizwa swali moja kabla hajaketi sawasawa: "Baridi ama moto?" Si kwamba kuna mtu anayechemsha bia. Moto maana yake ni chupa iliyotoka katika kreti, haijaona friji, na kwa jua letu hili la ziwani chupa ya namna hiyo si jambo la mchezo. Wazee wengi huitaka hivyo hivyo. Vijana huwacheka, nami niliwacheka miaka mingi, mpaka jioni moja ambayo nimekusudia kuieleza hapa.

Tulikuwa watatu, si mbali na mahali inapotia nanga feri ya Luanda K'Otieno: mimi, mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Nairobi, na jirani yangu mmoja mzee ambaye nitamwita Jaduong' tu, kwa kuwa hapendi kuandikwa magazetini. Kijana akaagiza bia nyepesi, ile iliyobandikwa neno la Kiingereza ambalo ukilisoma kwa Kiswahili wapata "laiti". Jaduong' akaikazia macho ile chupa.

"Laiti nini?" akauliza.

"Ni bia isiyojaza tumbo, Jaduong'."

"Haijazi tumbo? Basi wanainunulia nini?"

Mpwa wangu akamweleza habari za unene, na kitambi, na watu wa mjini wanaokimbia barabarani alfajiri bila kufukuzwa na mtu. Mzee akasikiliza kwa adabu. Kisha akamwita mhudumu, akataka nyingine ya aina ile ile, lakini moto. Akaimimina katika gilasi, akanywa funda moja, akakaa nayo mdomoni kitambo. "Nyathina," akasema, "hii kuna kitu wamesahau kutia."

Nikaomba nionje. Ndugu msomaji, nilikuwa nimeinywa bia hiyo mara nyingi, na kila mara nikaiona nzuri. Lakini kila mara ilikuwa baridi ya kuumiza meno. Baridi hulifisha ganzi ulimi. Kinywaji chochote kikiwa karibu na barafu huficha aibu yake. Sasa nilikuwa nayo uchi mbele yangu, na sikuona harufu ya nafaka, wala ule uchungu mwema unaobaki kooni. Palikuwa na povu, na utamu mdogo usio na mwenyewe, basi. Kuanzia siku ile sikubali kuhukumu bia yoyote mpaka niionje moto, na nawashauri wasomaji wafanye hivyo angalau mara moja, hata kama watachekwa.

Walichosahau kutia, au kwa kweli walichokitoa, kinajulikana. Bia hutoka katika kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa. Kimea kikipikwa, wanga wake hugeuka kuwa sukari, na hamira huila ile sukari ikatoa kileo. Lakini sehemu moja ya wanga huwa ngumu, hamira haiwezi kuila, na hiyo ndiyo ibakiayo katika chupa na kuipa bia uzito wake mdomoni. Huko Marekani mtaalamu mmoja, Joseph Owades, alibuni njia ya kutia kimeng'enya cha kuivunja hata ile sehemu ngumu, hamira ile yote isibakize kitu. Mwaka 1967 bia yake ikauzwa kwa jina la Gablinger's kama bia ya watu wanaoogopa kunenepa, na haikupata wanunuzi wa maana. Miller Lite ndiyo iliyofanikiwa, ilipoenezwa nchi nzima mwaka 1975, kwa matangazo yaliyowatumia wanamichezo wenye miraba minne ili mwanamume asione haya kuishika.

Mwangalie hapo ndugu msomaji kilichoondolewa. Ni nafaka. Kileo hakikuguswa sana. Miller Lite ina asilimia 4.2 ya kileo. Na Tusker yetu ya kawaida, ile ya tembo, inayotengenezwa na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1922, ina ngapi? Asilimia 4.2 vile vile. Kwa maneno mengine, iliyo nyepesi kwa Mmarekani ndiyo ile ile nguvu ambayo baba zetu walikuwa wakiiita bia bila ya kuongeza neno. Sisi tukaletewa wepesi juu ya wepesi. Bia nyepesi nyingi za siku hizi zina kama asilimia 4. Piga hesabu: chupa ya nusu lita yenye 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Yenye 4 ina mililita 20. Tofauti ni mililita moja, ambayo haijazi hata robo ya kijiko cha chai.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kuyasema kinyume chake.

Kuna kijana mvuvi wa omena, jirani yangu, mwenye bidii na heshima. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku, hasa usiku wa giza usio na mwezi, wakiwa na taa za kuwavuta samaki. Alasiri moja alinikuta baa, akataka kuondoka mapema kwa kuwa alikuwa na safari ya usiku. Nami, mtu mzima, msomaji wa magazeti, nikamwambia: "Kunywa hii laiti, hii haina kitu." Akanywa. Haikumjaza tumbo, kama tangazo linavyoahidi, kwa hiyo akaongeza, na hapo ndipo ulipo ujanja wa kinywaji hiki: tumbo ndilo hutuambia basi, na hii imenyimwa sauti ya tumbo. Alikunywa sita. Mililita 120 za kileo, sawasawa na nilizokunywa mimi, tofauti ni kwamba mimi nilikwenda kulala.

Alianguka majini wakiwa wanavuta wavu. Wenzake walimshika kwa bahati, wakamrudisha ufukweni akitapika maji ya ziwa, na kulipokucha mama yake alipita mlangoni kwangu asiniamkie. Hajaniuliza neno mpaka leo. Neno lile katika chupa nalisoma kwa Kiswahili sasa: laiti ningalijua.

Wako watakaosema ninaipigia debe ile yenye nguvu. La. Mimi nataka bia nyepesi, nyepesi kweli kweli, kuliko hizi. Nataka ipunguzwe kileo, iachiwe nafaka. Na kitu hicho tulikuwa nacho. Wazee wa Kijaluo na wenzao Abasuba walikunywa kong'o ya wimbi na mtama, na jamaa yake ni busaa. Unga wa mahindi huchachuliwa siku kadhaa, hukaangwa juu ya bati mpaka ukawa wa rangi ya udongo, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa ukachachuka tena. Kileo chake kwa kawaida ni kama asilimia 2 hadi 4. Kinajaza tumbo hasa! Kina uchachu, kina moshi, kina harufu ya shamba. Wazee waliketi katika duol, chungu kimoja katikati, kila mtu na oseke yake, ule mrija mrefu, wakaongezea maji ya moto kadiri mazungumzo yalivyoendelea. Nadhani hawa wazee wetu wa "moto" hawakuanza ukaidi katika baa. Ulimi wao ulifundishwa na chungu.

Wala sisemi kila chungu kilikuwa kisafi, au kwamba hakuna aliyelewa. Watu walilewa. Lakini iliwabidi wakae muda mrefu, na mbele ya watu.

Watengenezaji wa bia hawawezi kudai kwamba nafaka yetu haifai. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilipofunguliwa upya mwaka 2019, kilifunguliwa kwa ajili ya bia ya pipa ya bei nafuu inayotengenezwa kwa mtama, na wakulima wa kando ya ziwa hili ni miongoni mwa wanaoupanda. Basi mtama umo kiwandani, wapishi wenye elimu wamo, mitambo imo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamini kwamba mnywaji wa Mbita anaweza kulipia ladha, asilipie nguvu tu wala sifa za mjini. Hapa nakubali lawama upande wetu pia: wengi wetu tunahesabu kileo kwa shilingi, na yule ambaye bia nyepesi humshinda bei hukimbilia kichupa kidogo cha kali, kinachomaliza kazi kwa dakika kumi. Waliokufa Kangai, Kirinyaga, Februari 2024 hawakuwa wakitafuta ladha.

Jioni ile ya Jaduong' ilikwisha bila ugomvi. Mpwa wangu aliimaliza yake ya baridi, akasema mzee hana haki ya kuionja moto kitu kilichotengenezewa friji. Mzee akamjibu kwamba samaki mzuri ni mzuri hata akipoa.

Wiki iliyopita nikamkuta yule mvuvi kwenye daraja la Rusinga, amebeba taa zake kwenda majini. Tukasalimiana. Akaniuliza, kwa tabasamu ambalo sikulielewa vema, kama bado nakunywa zile zisizo na kitu. Nikamwambia siku hizi nakunywa moja tu, ya moto.