Mchezo Si Hesabu Tu

Wako ndugu zetu wafanyakazi wanaoamini hata leo kwamba gofu ni mali ya mabwana. Zamani za ukoloni ilikuwa hivyo. Lakini uwanja wa Lugalo, Dar es Salaam, ni wa Jeshi letu wenyewe. Mchezaji huzunguka mashimo 18 pamoja na mwenzake, akihesabu mapigo yake kwa uaminifu. Hata akishindwa, amekwisha kupata matembezi na mazungumzo.

Sisi wa Kemondo hatudai gofu. Twataka mpira utazamwe kama mpira. Jioni, meli ikisha kupakuliwa, vijana wengi bandarini hawaulizi nani kacheza vizuri. Huuliza mabao tu, maana ujira wa kutwa wameutia katika kamari. Hayo nayo tuyaite mapumziko?