Seva ya Minecraft kwenye NAS: Maneno na Ukweli

Ukitaka kuendesha seva ya Minecraft kwenye NAS, kile kisanduku cha diski kinachotunza picha na hati za familia, utapewa ushauri mwingi. Mwingi una ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Wapo wanaosema NAS ni dhaifu mno. Kwa wachezaji watatu au wanne, hapana. Yenye prosesa ya Celeron na RAM ya GB 4 inaimudu kwa kutumia Docker, programu inayoendesha programu nyingine zikiwa zimetengwa. Ile ya bei ya chini yenye GB 1 iache itunze mafaili.

"Ikikwama, ongeza RAM." Hapa ndipo pesa za watu zinapotea bure. Dunia ya Minecraft hupiga mapigo 20 kila sekunde, na ndani ya milisekunde 50 za kila pigo zombi watembee, maji yatiririke, ngano ya jirani isubiri zamu yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na kiini kimoja tu cha prosesa. Kikizidiwa, unavunja jiwe, linatoweka, kisha linarudi palepale mbele ya macho yako. RAM haitaliondoa jiwe hilo. Mzigo mkubwa kuliko yote ni kuumba ardhi mpya mchezaji anapokimbilia kusikofikwa na mtu. Kwa hiyo tumia Paper, seva ya Minecraft iliyoboreshwa kasi, badala ya seva ya kawaida, shusha umbali wa kuona kutoka vipande (chunk) 10 hadi 6, na ramani iumbwe usiku kabla wachezaji hawajaingia.

Kisha kuna hili la kufungua poti 25565, ile ya Minecraft, kwenye ruta ili marafiki waingie kutoka nje. Kwanza, huenda lisifanye kazi kabisa: kampuni nyingi za intaneti, hasa za simu, huwapa wateja wengi anwani moja. Ikiwa anwani ya nje ya ruta yako inaanzia 100.64 hadi 100.127, umo katika kundi hilo. Pili, likifanya kazi, umeufungulia ulimwengu mzima mlango wa nyumba yenye picha za harusi yako. Desemba 2021, kasoro ya Log4j, maktaba ya programu iliyotumiwa na Minecraft, ilimwezesha mtu kuiteka seva ya Minecraft kwa ujumbe mmoja tu wa gumzo. Januari 2022, DeadBolt, programu hasidi ya kudai fidia, ilifunga mafaili kwenye NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti na kudai bitcoin 0.03. Waingize marafiki kwa Tailscale, mtandao wa faragha (VPN). Haihitaji poti yoyote kufunguliwa.

Na RAID, ile ya diski mbili zinazoandika kitu kilekile, si nakala rudufu. Inakukinga diski moja ikifa, basi. Mtoto akiilipua ngome kwa TNT, diski zote mbili zinaandika mlipuko uleule. Kila usiku simamisha seva, nakili folda zote za dunia ya mchezo kwenye diski ya nje, kisha uichomoe.