Hawakusubiri, Walivuta Breki

Ati, kwa mujibu wa mwandishi wa makala ninayoijibu, Canon na Nikon walifanya busara kusubiri hadi 2018 ndipo waingie kwenye soko la kamera zisizo na kioo! Mwandishi anasahau mambo ya juzi tu. Nikon walileta Nikon 1 mwaka 2011, Canon wakafuata na EOS M mwaka 2012. Waliingia mapema, ila waliingia huku wakivuta breki, wasije wakaziharibia soko DSLR zao wenyewe, yaani kamera zao za kioo.

Itazameni Nikon 1: sensa ya inchi moja, ndogo kuliko hata ya DSLR zao za bei nafuu. EOS M ilikuwa na sensa nzuri ya APS-C, lakini haikuwa na kitundu cha kuchungulia, na fokasi yake ilijikokota mpaka Canon wenyewe wakatoa programu ya kuiharakisha. Sony, ambao hawakuwa na himaya ya DSLR ya kuilinda kiasi hicho, walitoa a7 mwaka 2013 ikiwa na sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35.

Anasema pia subira iliwalinda wenye lenzi za zamani. Lenzi za EF, zile za DSLR za Canon, zinafanya kazi vizuri kwa adapta kwenye EOS R, kamera isiyo na kioo ambayo Canon waliitoa 2018; hilo nampa. Na walionunua za EF-M, zile za EOS M, je? Hizo haziingii kwenye EOS R, wala za RF, zile za EOS R, hazikai kwenye EOS M. Waliowaamini Canon mapema ndio walioachwa njiani. Mwandishi akawaulize hao kuhusu busara.