Risala ya Wagonjwa wa Lukemia wa Meru na Embu kwa Viongozi wa Afya

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Meru na Embu, Mawaziri wa Afya wa kaunti zetu na madaktari wakuu:

Sisi wagonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, pamoja na wanaotuuguza, tunawashukuru kwa kukubali kutusikiliza. Dawa zinazoua chembe za saratani huchubua pia utando wa kinywa, koo na utumbo. Mara nyingi kinachotulaza ni tumbo, na hilo ndilo lililotuleta mbele yenu.

1. Homa na maumivu ya tumbo. Siku chache baada ya kudungwa dawa, chembe nyeupe za damu hupungua sana, na vijidudu vya utumbo hupenya palipochubuka vikaingia damuni. Mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia chini, waweza kuvimba na hata kutoboka. Mgonjwa akifika zahanati na homa ya nyuzi 38 hupanga foleni, hupimwa taifodi, hupewa vidonge vya amiba na kurudishwa nyumbani. Hatuwalaumu wauguzi, kwani dalili zinafanana na wenye taifodi ni wengi kuliko sisi. Lakini wenzetu wamekwenda hivyo, na tumenyamaza muda mrefu. Tunaomba kila mgonjwa apewe kadi ya dharura: akiionyesha apimwe damu papo hapo, aanzishiwe antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja, wala asipigwe bomba la kuendesha choo, maana linaweza kumjeruhi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hii ni dharura.

2. Vidonda vya kinywa na koo. Kwetu Meru, asiyeweza kumeza hudhaniwa ana kansa ya koo, nayo kweli imetumalizia watu. Kwa mwenye lukemia huenda ni fangasi, au vidonda vinavyoletwa na dawa ya methotreksati, na vyote vina tiba. Githeri na mukimo vinampita. Hata uji unamchoma. Tunaomba dawa za fangasi, mofini ya maji na mtaalamu wa lishe wasikosekane katika hospitali za rufaa za kaunti zote mbili.

3. Kufunga choo. Dawa yetu ya vinkristini hudhoofisha neva za utumbo. Tunaomba anayedungwa apewe dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, na aelezwe kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, ili wazee wetu wasikimbilie mitishamba.

4. Kutokwa damu tumboni. Platileti, chembe za kugandisha damu, hukaa siku chache tu baada ya kutolewa, kwa kawaida 5. Anayepata choo cheusi usiku hawezi kuzingoja kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa Meru. Tunaomba mashine ya kutenganisha damu na ratiba ya kudumu ya wachangiaji.

5. Vidonge vya imatinibu. Vidonge hivi vya lukemia humezwa kila siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, visichafue tumbo. Tunaomba vipatikane katika famasi za hospitali zetu za umma, tusitumie nauli kuvifuata mbali.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Tunawasihi, Waheshimiwa, mambo haya yaingizwe katika bajeti kabla haijapitishwa, na tujibiwe kwa maandishi.

Ni sisi wagonjwa wa lukemia na wanaotuuguza, Meru na Embu.