Wahandisi Wetu Wasiwe Wapangaji Milele

Seremala akinunua randa, randa ni yake. Ataitumia miaka 20, atamwazima jirani, na akizeeka atamrithisha mwanawe au ataiuza. Aliyemuuzia hana ruhusa ya kumgongea mlango kila Januari kudai fedha nyingine. Jambo hili hata mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Sasa mtazameni mhandisi. Chombo chake leo si rula na penseli, bali ni programu ya kompyuta ya kuchorea ramani za madaraja, majengo na mabomba ya maji. Ijulikanayo sana ni AutoCAD, ya kampuni ya Autodesk ya Marekani, iliyotoka mwaka 1982. Kwa miaka mingi ofisi ililipa mara moja ikapata leseni isiyo na mwisho. Aliyetaka matoleo mapya alilipa ada ya matengenezo kila mwaka. Asiyetaka aliendelea na toleo lake la zamani, na hakuna aliyemsumbua. Mwanzoni mwa 2016 kampuni ikaacha kuuza leseni mpya za namna hiyo kwa programu zake nyingi. Tangu hapo ni kukodi tu. Na wale waliokwisha kuwa na leseni zao wakaambiwa kwamba ada ya matengenezo itapanda kwa asilimia 5 mwaka 2017, asilimia 10 mwaka 2018 na asilimia 20 mwaka 2019. Mwaka 2021 mpango wenyewe wa matengenezo ukafungwa. Huku ni kumsukuma mtu kidogo kidogo mpaka atoke katika nyumba yake akapange.

Twasema "leseni zao" kwa mazoea tu. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kesi ya bwana Timothy Vernor, aliyekuwa akiuza mtandaoni nakala za AutoCAD zilizokwisha tumika, alizozipata katika ofisi ya wasanifu majengo. Mahakama ya chini ilikuwa imempa haki. Ile ya rufani ikakataa: ofisi ile haikuwa mwenye mali, ilikuwa na leseni tu, na kwa hiyo haikuwa na kitu cha kumuuzia. Basi hata waliodhani wamenunua, hawakununua! Mahakama ya Ulaya mwaka 2012, katika kesi nyingine, iliona vingine, ikasema aliyelipia leseni isiyo na mwisho aweza kuiuza. Lakini leseni isiyo na mwisho ndiyo hiyo iliyoondolewa sokoni.

Wazee wetu walioajiriwa katika mashamba ya mkonge walijaziwa kipande cha siku 30. Programu ya kukodi nayo ina siku zake 30: zikipita bila kuunganishwa na intaneti na kujitambulisha kwa mwenyewe, inagoma. Ada ya mwaka isipolipwa, inafungwa kabisa.

Na mali ya mhandisi imo humo ndani. Faili la Revit, programu nyingine ya kampuni hiyo hiyo, likiandikwa katika toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani, wala haliwezi kurudishwa nyuma. Ramani uliyoichora kwa akili yako mwenyewe inakaa katika sanduku ambalo ufunguo wake unakodishwa. Watu wa Buhaya wanaujua mtindo huu kwa jina la nyarubanja. Mkulima alipanda migomba na kahawa kwa jasho lake, lakini ardhi ilikuwa ya bwana, na kila mwaka malipo yalipelekwa kwa bwana. Katika miaka ya 1960 sheria ya nchi iliuvunja mtindo ule. Sisi twauona unarudi kwa mlango wa kompyuta.

Tupige hesabu. Leseni ya AutoCAD ya mtu mmoja ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Ofisi yenye wachoraji watano italipa dola 10,000, na katika miaka mitano dola 50,000. Mwaka wa sita wakishindwa, hawana kitu mkononi, hata toleo kuukuu. Na zingatieni kwamba hizo ni dola. Mwaka 2023 dola ilipoadimika nchini Tanzania, mwenye deni la dola alijua utamu wake.

Msidhani ni kilio cha maskini peke yao. Julai 2020 ofisi kubwa za wasanifu wa Uingereza, pamoja na Zaha Hadid Architects na Grimshaw, ziliandika barua ya wazi kwa mkuu wa Autodesk, zikilalamika kwamba gharama zinapanda huku Revit yenyewe haisongi mbele. Ikiwa matajiri wa London wanalia, ofisi ya watu wanne pale Mwanza ifanye nini?

Tunajua jibu la baadhi ya vijana, maana katika kuzunguka matawini tumelisikia mara nyingi: tunatumia nakala za wizi, hakuna anayetukamata. Vijana hao wajifikirie. Mwizi wa programu bado ni mpangaji, tena mpangaji asiye na risiti. Kazi yake imefungwa katika sanduku lile lile, na siku akiomba zabuni kubwa ataulizwa leseni yake iko wapi. Wengine husema watengenezaji nao wanahitaji kula. Kweli, na walipwe. Hatuwagombezi kwa kudai bei ya kazi yao; twawagombeza kwa kukataa kuuza.

Hila kubwa ipo vyuoni. Mwanafunzi hupewa programu bure. Anaizoea, mikono yake inaijua na nyingine haijui, kisha akimaliza masomo anakutana na bei. Sisi tuliofunzwa ualimu twajua kwamba unachomfundisha mtu kwanza ndicho atakachokishika. Twauliza wakuu wa vyuo: mnafundisha uhandisi, au mnafundisha bidhaa ya mtu?

Njia nyingine ipo. Mwaka 2015, katika kazi ya Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichora ramani za kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, kwa OpenStreetMap na QGIS, programu isiyo na ada. FreeCAD, iliyoanza 2002, ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024. Hatusemi kwamba inamaliza kila kazi. Kwa majengo makubwa bado iko nyuma. Lakini mchoro wa kalavati la kijiji au tangi la maji hauhitaji dola 2,000.

Kwa hiyo twadai kwamba kila ramani iliyolipiwa kwa fedha ya umma ikabidhiwe Serikali pia katika muundo ulio wazi, kama ule wa IFC ambao shirika la viwango la dunia, ISO, limeupa namba 16739, ili halmashauri iweze kuifungua miaka 30 ijayo bila kumpigia mtu magoti. Vyuo navyo vifundishe programu huria sambamba na zile za kukodi. Na bajeti itakaposomwa Juni, Wabunge wazitake wizara zitaje, moja moja, ni dola ngapi zinalipia leseni za kuchorea kila mwaka, na ni ramani ngapi ambazo zingeweza kufunguliwa leseni hizo zikikatwa kesho.