Mfungwa Hajafa, Anarudi

Jumapili iliyopita tulipata mhubiri mgeni hapa Kighare, Usangi. Aliombea wagonjwa, yatima, wajane, wasafiri na watoto wa kidato cha nne. Hata mvua za vuli hakuzisahau. Mzee mmoja wa benchi la mbele akamkumbusha wafungwa. Mhubiri akatabasamu, akasema hao wamejipeleka wenyewe, wanakula bure, wanalala bure, sasa watumaini nini tena? Kanisa zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Sijui Biblia yake ilichanwa kurasa zipi, maana kwenye Mathayo 25 mfungwa ametajwa sambamba na mwenye njaa na mgonjwa. Na ule Waraka kwa Wafilipi, ambao wahubiri huukimbilia kila wakitaka tufurahi, Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Siku hizi angeambiwa aache kusumbua watu na barua zake, amalize ugali wa serikali.

Ila nisimwonee mhubiri peke yake. Maneno yake ndiyo yale yale ya barazani baada ya swala, ya kwenye magari ya Mwanga, ya kwenye magrupu ya ukoo. Kijana akifungwa tunamfuta. Akiandika barua kwamba anajuta, anatafuta msamaha wa Rais. Akisema akitoka atalima tangawizi, wote husema hivyo wakiwa ndani. Akiokoka, anaigiza. Asipookoka, si mnaona sasa?

Swali langu ni moja na nitalirudia mpaka mnichoke: mnadhani akimaliza kifungo anaenda wapi? Anarudi. Serikali haina kisiwa cha kumwaga watu waliomaliza miaka yao. Anashuka Mwanga kama wewe, anapanda gari la Usangi kama wewe, anabanwa na magunia ya watu kama wewe, na usiku huo analala nyumba ya tatu kutoka banda lako la kuku. Ungependa awe amekaa miaka saba akipanga nini? Maana lazima kuna kitu alikuwa anapanga. Kichwa cha mtu hakifungwi kufuli.

Naona mtu wa hoja ya kula bure ananyoosha mkono. Haya, tumsikilize. Bwana huyu anaamini gereza ni hoteli. Nimemwambia mara nyingi, kama chakula ni kitamu hivyo, aende. Kuingia ni rahisi kuliko kupata mkopo. Dona na maharage, halafu jembe. Katika Gereza la Karanga pale Moshi wafungwa wanashona viatu vya ngozi, na huenda bwana huyu anavyo miguuni wakati anawatukana waliovishona. Julai 2018, Rais Magufuli akimwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, alisema wazi kwamba ni aibu nchi kuendelea kulisha wafungwa, wafanye kazi wajilishe. Watu wakashangilia. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2019, Rais huyo huyo aliingia Gereza la Butimba, Mwanza, akaketi kuwasikiliza. Alikuta watu waliokaa miaka wakisubiri upelelezi ukamilike, na siku chache baadaye makumi yao wakaachiwa. Kumbe ukiwasikiliza, wana la kusema!

Na hapo ndipo "wamejipeleka wenyewe" inaponichefua kabisa. Kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo magerezani mwetu wamekuwa mahabusu. Hawajahukumiwa. Kesi inapigwa kalenda, karandinga linawaleta mahakamani, upelelezi haujakamilika, karandinga linawarudisha. Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe tushtakiane kwa ajili ya kuku. Basi sisi, wapenda kesi, tunapaswa kuwa wa mwisho kabisa kudhani kwamba kila aliyeko ndani alistahili. Nani kati yetu hajawahi kuona kesi ya mpaka wa shamba ikimpa ushindi mwenye wakili na kumwacha mwenye haki akikuna kichwa?

Mnataka mfano wa karibu? Alex Thomas alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, katika kesi iliyosikilizwa Rombo, akawekwa hapo hapo Karanga. Hakuwa na wakili. Akiwa gerezani aliandikia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, saa chache tu kutoka kwetu. Novemba 2015 majaji wakasema haki yake ya kusikilizwa ipasavyo ilivunjwa. Baada yake wafungwa wengine wa Tanzania wakashika kalamu, mmoja baada ya mwingine. Serikali ikafanya nini? Novemba 2019 ikaondoa ridhaa iliyoruhusu mtu binafsi kupeleka shauri lake pale moja kwa moja. Wafungwa walipoanza kutumaini kwa maandishi, na kwa mafanikio, tukafunga sanduku la barua. Lakini eti wao ndio hawabadiliki.

Waganda wana Susan Kigula. Alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002, akaongoza wenzake zaidi ya 400 kuishtaki serikali, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema adhabu ya kifo isiwe ya lazima tena. Akasoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa gereza la Luzira, akatoka mwaka 2016. Mtu wa kula bure atasema huyo ni mmoja. Sawa, ni mmoja. Wewe umesoma nini tangu 2002?

Tena Usangi hii ndiyo isiyopaswa kufundishwa habari ya vifungo. Babu zetu walipoikataa kodi ya mbiru miaka ya 1940, maelfu waliteremka Same wakakaa hapo miezi, na viongozi wao, Paulo Mashambo akiwamo, wakakamatwa na kupelekwa mbali na kwao. Wanawake wa Usangi walimzingira mkuu wa wilaya wa Kiingereza wakamwambia amalize shauri waume zao warudi, la sivyo awatie mimba wao wote. Soma kitabu cha Profesa Isaria Kimambo kuhusu Mbiru. Bibi zetu hawakuuliza kama waliokamatwa wanakula bure. Walitaka watu wao.

Siku hizi tumekuwa watu wa kadi. Nina kadi za sendofu, za kitchen party, za komunio, za mahafali ya chekechea, zote zina namba ya simu ya kutumia mchango na ujumbe wa kukumbushwa kila asubuhi. Milioni zinapatikana kwa ajili ya keki na MC anayepiga kelele. Mama mmoja jirani yangu alikuwa akimwendea mwanawe gerezani Moshi na sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko, nauli aliipata kwa kuuza ndizi, na sikuona hata mtu mmoja akimfungulia grupu.

Mwanawe alitoka mwaka jana. Jina naliacha, wa Kighare mnamjua. Ameketi pale sokoni chini ya mwavuli uliovunjika vyuma viwili, anashona viatu kwa mkono. Nimemtazama kwa karibu: anapaka uzi nta, anatoboa kwa msumari, anapitisha sindano mbili kutoka pande mbili katika tundu moja, anavuta mpaka ngozi inalia. Viatu vyangu vya kanisani vilishindikana kwa mafundi wote wa Mwanga; yeye amevimaliza, na mvua ya wiki iliyopita haikuingia. Ujuzi aliupata ndani. Alichokuwa anakiota usiku, aliniambia bila aibu, ni mashine ya kushonea soli. Hakuota benki, wala kisasi.

Mbuzi wa mtu alipopotea mwezi uliopita, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake. Mbuzi alipatikana bondeni, kamba imenasa kwenye mti. Hakuna aliyerudi kumwomba radhi.

Kijana ameomba kujiunga na kikundi chetu cha kuweka na kukopa ili apate hiyo mashine. Kikundi kina katibu, mhazini, katiba na wanachama kadhaa wanaodaiwa tangu kabla ya korona, wakiwamo wawili wa benchi la mbele kanisani. Hao wanaitwa wenzetu. Yeye ameambiwa alete wadhamini watatu, kwa sababu "historia yake tunaijua". Nimeshasaini nafasi ya kwanza. Fomu iko dukani kwa mhazini, imebaki mistari miwili.