Jina la baba haliruki viunzi

Leo safu yako tunaitoa mjini kidogo. Tunaacha daladala, tunaacha disko, tunaingia zizini. Usikunje sura! Najua hapa Bongo wengi wetu farasi tunamfahamu kwa kile Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi, na ukimwona anakuja unasogea pembeni, basi. Lakini kule Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi yupo farasi wa kuruka viunzi ambaye mshiko wake unajenga ghorofa na chenji inabaki.

Mchezo wenyewe ni mwepisi kuuelewa. Uwanjani vinapangwa viunzi vya miti ya rangi, na kwenye mashindano makubwa vinafika mita 1.60. Farasi akiangusha mti mmoja, pointi 4 za adhabu. Hakuna kubembelezana.

Sasa kasheshe iko hapa. Mtu ana farasi jike na anataka mtoto mkali. Hamnunui dume, ananunua mbegu tu, kazi inamalizwa kwa uhimilishaji kama ule wa ng'ombe wa maziwa. Mimba inachukua miezi 11. Mtoto akizaliwa, anasubiriwa mpaka miaka 3 au 4 ndipo aanze kupandwa. Kufika kule juu kwenyewe, wengi wanakuwa na miaka 9 na kuendelea. Piga hesabu mwenyewe: hela unatoa leo, jibu unalipata baada ya miaka kama kumi. Ukikosea, umekosea na muongo mzima!

Mfano hai huu hapa. Dume la Kijerumani lililoitwa Chacco-Blue lilizaliwa mwaka 1998, likafa mwaka 2012. Mwanawe Explosion W wakati huo alikuwa na miaka 3, hajui hata uwanja mkubwa unafananaje. Mwaka 2021, kwenye ile Olimpiki ya Tokyo iliyoahirishwa, Mwingereza Ben Maher akampanda huyo Explosion W na kuondoka na dhahabu. Chacco-Blue mwenyewe akaja kukalia kilele cha orodha ya dunia ya madume wanaozaa warukaji. Marehemu huyo! Waliomwamini akiwa hai walikula, waliosubiri ushahidi kamili wakabaki kugombea mbegu zilizogandishwa.

Kwa hiyo swali ni hili: unamjuaje dume mzuri kabla jibu halijatoka? Wazee wa kazi wanasema usimtazame yeye, watazame wanawe. Na kuna namna ya kuwatazama.

Kwanza, hesabu ya kichwa. Dume anatangazwa: "Ana watoto 15 wanaoruka mita 1.60!" Watu wanapiga makofi. Wewe uliza wamezaliwa wangapi. Chukua dume mmoja ana watoto 1,500, mwingine ana 100 na watano kati yao wamefika huko. Wa kwanza ni mmoja katika kila mia, wa pili ni watano katika kila mia. Nani mkali? Mwenye jina kubwa anapata majike wengi na bora, watoto wanaangukia kwa wapanda farasi hodari, basi lazima wachache wachomoze. Wale wengine 1,485 wako wapi? Hao ndio wa kuulizia.

Pili, mama. Mwana hutazama kisogo cha nina, wahenga hawakukosea. Ratina Z alikuwa jike, akabeba medali ya fedha ya mtu mmoja mmoja na dhahabu ya timu ya Uholanzi kule Barcelona mwaka 1992, kisha dhahabu ya timu ya Ujerumani kule Atlanta mwaka 1996. Mwanawe Comme il faut naye akawa mrukaji wa kimataifa chini ya Marcus Ehning. Baba yake, Cornet Obolensky, ni kiboko kweli, lakini utampaje sifa zote na nyumbani kuna mama wa namna hiyo? Ukitaka kumpima dume kwa haki, tafuta watoto aliozaa na majike wa kawaida. Kama hata hao wanaruka vizuri kuliko mama zao, hapo baba ametia mkono.

Tatu, mtazame mtoto mwenyewe, tena usianze na urefu anaoruka. Farasi wa miaka 3 anayerushwa bila mpanda anaweza kupaa kama mwewe, halafu akiwekewa mtu mgongoni anakuwa mwingine kabisa. Tazama ule mwendo wake wa kukimbia taratibu, wa mapigo matatu: je, anasukuma kwa miguu ya nyuma na kifua kinainuka, au anajivuta kama gari lenye klachi mbovu? Tazama akiwa hewani: miguu ya mbele inakunjwa juu na kulingana? Mgongo unapinda upinde? Ya nyuma inafunguka au inaning'inia? Kisha muhimu kuliko yote, ngoja aguse mti. Mwenye akili, safari ya pili anaacha nafasi. Asiyejali, anagonga tena. Na yule anayeogopa mpaka anagoma, huyo naye ni mzigo.

Hapo ndipo unaona mhuri wa baba. Cor de la Bryère, dume wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1968 na kupelekwa Holstein, Ujerumani, alisifika kwa hilo: wanawe walikunja miguu na kupinda mgongo kwa mtindo mmoja. Ukiona watoto kumi wa mama tofauti wana kosa lilelile, hilo si bahati mbaya, hilo ni la baba.

Nne, mifupa na roho. Watu makini hawatoi hela bila picha za eksirei za viungo vya miguu. Tena wanamuuliza kijana anayewapanda kila siku: wanafundishika? Wanarudi kazini kesho yake kwa moyo? Mrukaji anayechechemea ni pambo la zizi.

Wajerumani wamerahisisha kidogo. Kila dume anapewa namba inayokokotolewa kwa matokeo ya wanawe na ndugu zake, wastani ukiwa 100, na pembeni kuna asilimia ya kuonyesha namba hiyo ni ya kuaminika kiasi gani. Dume kijana mwenye namba nzuri na asilimia ndogo ni sawa na mwanafunzi aliyefaulu jaribio moja. Ubelgiji nako, pale Lanaken, kuna mashindano ya dunia ya farasi wa miaka 5, 6 na 7. Ukitaka kuona watoto wa dume kabla dunia haijawajua, ni pale.

Lakini usije ukadhani damu ndiyo kila kitu. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba katika matokeo ya kuruka, tofauti inayotokana na kurithi ni kama asilimia 10 hadi 30 tu. Iliyobaki ni malezi, mwalimu, mpanda na zali. Mtazame Baloubet du Rouet. Baba yake Galoubet A alikuwemo kwenye timu ya Ufaransa iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1982. Mtoto akachukua fainali tatu mfululizo za Kombe la Dunia na Mbrazil Rodrigo Pessoa, mwaka 1998, 1999 na 2000. Kisha Sydney, mwaka huohuo wa 2000, akagoma kuruka mbele ya ulimwengu! Leo ungesema damu mbovu? Athens mwaka 2004 akamaliza wa pili, na dhahabu ikamfuata baada ya mshindi kunyang'anywa kwa sababu ya dawa. Na yule Explosion W wa Tokyo, mama yake ni binti wa huyohuyo Baloubet. Aliyemfuta kwa siku moja mbaya alikula hasara.

Kuna na mwenzake Gem Twist wa Marekani, mwenye medali mbili za fedha za Seoul mwaka 1988. Bingwa, lakini alishahasiwa. Ilibidi watu waende maabara kutengeneza nakala yake, ikazaliwa mwaka 2008, ndipo damu ile ipate njia.

Sasa wewe msomaji huna farasi, mimi sina. Lakini mtaani si tunapimana hivihivi? "Huyu mtoto wa fulani," kazi kapata. "Huyu baba yake mlevi," mlango umefungwa. Kule kwenye pesa nyingi wenzetu wameshajifunza: jina la baba linakufikisha getini tu. Ndani ukifika kuna mti wa mita 1.60, na huo haumjui baba yako.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.